Duka la dawa kwa maradhi madogo: mwongozo wa kununua dawa ikakufaa

Kwenye kaunta ya duka la dawa maswali ni yale yale kila siku. Mtoto ana joto, nimpe nini? Hivi vidonge ni kimoja kimoja au viwili viwili? Kikohozi hiki dawa gani itakikata haraka? Naomba zile za rangi mbili, za elfu moja tu. Wanaouliza hawana kosa. Zahanati ina foleni, nauli inauma, na duka la dawa liko hapo kona.

Kwa maradhi mengi ya kawaida duka la dawa linatosha kabisa: kichwa, mafua, kuhara kwa maji, kiungulia, fangasi, minyoo, kuumwa na wadudu, maumivu ya hedhi. Mambo huharibika pale mtu anapokuja na jina la dawa badala ya kuja na tatizo lake. Ukitaja jina tu, utauziwa ulichotaja, hata kama hakihusiani na kinachokuumiza. Karibu kila hatua hapa chini inatokana na hilo.

Nimeandika kwa msomaji wa Tanzania. Ukiwa nchi nyingine, sheria za maduka zinaweza kutofautiana, lakini dozi na dalili za hatari ni zile zile.

Andaa haya kabla hujatoka nyumbani

- Uzito wa mtoto, kama dawa ni ya mtoto. Chukua kadi ya kliniki. Kama uzito ulioandikwa ni wa muda mrefu, mpime upya.
- Majina ya dawa zote anazotumia mgonjwa: za presha, sukari, ARV, TB, uzazi wa mpango. Piga picha pakiti zake kwa simu. Mitishamba nayo ihesabu, usione haya kuitaja.
- Dawa iliyowahi kumletea vipele, kuvimba au kubanwa pumzi.
- Kama ni mwanamke: ana mimba, huenda ana mimba, au ananyonyesha.
- Dalili zilianza lini, na ni dawa gani ameshameza tangu zianze.
- Kipimajoto, ukiweza kununua kimoja cha nyumbani. Kugusa paji la uso kwa kiganja kunadanganya.

Hatua ya 1: Hakikisha tatizo ni la dukani

Usiruke hatua hii. Yapo mambo ambayo mtoa dawa mzuri atakukatalia kukuuzia, na atakuwa amekutendea wema.

Mpeleke mtoto kituo cha afya moja kwa moja kama hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa haendi dukani hata kama anaonekana mchangamfu.

Kwa mtoto anayekohoa, hesabu pumzi zake, jambo ambalo mzazi yeyote anaweza. Subiri atulie au alale, mpandishe nguo kifua kionekane, weka saa ya simu dakika 1 kamili, kisha hesabu kila kifua kinapoinuka. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifika pumzi 50 au zaidi, huenda ni nimonia. Wa mwaka 1 hadi 5 ni pumzi 40 au zaidi. Tazama pia chini ya mbavu: ngozi ikibonyea ndani kila anapovuta hewa, ondokeni wakati huo huo, hata kama ni usiku.

Mtu mzima aende hospitali akiwa na maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, mdomo kwenda upande au mkono kukosa nguvu ghafla, shingo kukakamaa pamoja na homa, damu kwenye choo au matapishi, au maumivu makali ya tumbo yasiyotulia. Mjamzito mwenye kichwa kikali, macho kuona ukungu, uso kuvimba au kutokwa damu asipewe panadol akaambiwa alale. Hiyo inaweza kuwa presha ya mimba, nayo inaua.

Hatua ya 2: Chagua duka lenye kibali

Tanzania ina aina mbili kuu. Famasi husimamiwa na mfamasia na huwa na dawa nyingi zaidi. Duka la dawa muhimu lina mtoa dawa aliyepata mafunzo maalumu, na linaruhusiwa kuuza dawa zilizo kwenye orodha yake tu. Mpango wa maduka haya ulianzia mkoa wa Ruvuma mwaka 2003, yakachukua nafasi ya yale tuliyoyaita maduka ya dawa baridi.

Ukiingia, tazama ukutani. Kibali cha Baraza la Famasi kinatakiwa kuwa mahali unapokiona. Tazama pia kama dawa zinaanikwa na jua dirishani. Dawa nyingi zinatakiwa kukaa chini ya nyuzi 30, na duka linalopikika mchana kutwa huku dawa zimepangwa kwenye kioo kinachopigwa na jua silipendekezi kwa mtu.

Dawa za kutembezwa kwenye basi au kupangwa chini mnadani usinunue. Muuzaji hana kibali, na dawa ikikudhuru hutampata.

Hatua ya 3: Eleza unavyoumwa, usitaje dawa

Badala ya "naomba Flagyl", sema hivi: "Dada, habari ya kazi. Naharisha tangu jana usiku, choo ni maji matupu, hakina damu, nimekwenda kama mara tano. Natumia dawa ya presha. Homa sina." Maneno hayo machache yanamwambia mtoa dawa karibu kila anachohitaji, na yanaweza kukuokolea pesa, kwa kuwa kuhara kwa namna hiyo mara nyingi hakuhitaji Flagyl.

Kama wateja wengine wamekusimamia mgongoni na tatizo ni la siri, sema tu "naomba tuzungumze pembeni". Ni haki yako. Nimeona vijana wengi wakinunua dawa ya kichwa wasiyoihitaji kwa sababu ya aibu, wakaondoka na tatizo lililowaleta.

Kisha uliza maswali manne na usitoke bila majibu: Dawa hii inatibu nini hasa? Nimeze kiasi gani na saa ngapi? Nichanganye au nisichanganye na hizi nyingine? Nisipopata nafuu, nirudi au niende hospitali baada ya siku ngapi?

Hatua ya 4: Homa? Pima malaria kwanza

Usinunue dawa mseto ya malaria kwa kukisia. Homa, kichwa na viungo kuuma vinaweza kuwa malaria, mafua, dengue (homa ya virusi inayoenezwa na mbu), maambukizi ya mkojo, au jambo jingine kabisa. Kipimo cha haraka cha zahanati kinatumia tone la damu la kidoleni na majibu hutoka ndani ya nusu saa. Dengue siyo hadithi ya mbali. Dar es Salaam ilipata mlipuko mwaka 2014 na mwingine 2019. Mwenye dengue akimeza diklofenaki, ibuprofeni au aspirini anaongeza hatari ya kutoka damu. Kabla hujajua homa ni ya nini, tuliza joto kwa parasetamoli pekee.

Ukikutwa na malaria isiyo kali na ukaandikiwa dawa mseto ya kawaida, ile ya ALu (artemether na lumefantrine), mtu wa kilo 35 na kuendelea humeza vidonge 4 kwa kila dozi, dozi 6 kwa siku 3, jumla 24. Dozi ya pili humezwa saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Meza pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, maana bila mafuta dawa hainyonywi vizuri mwilini. Ukipata nafuu siku ya pili, malizia. Pakiti iliyobaki nusu kabatini ni malaria itakayorudi.

Hatua ya 5: Soma pakiti na bahasha ukiwa bado kaunta

Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, iliyo mbele ya herufi EXP. Kama umeandikwa mwezi na mwaka tu, dawa inatumika hadi siku ya mwisho ya mwezi huo. Kama vidonge vimekatwa kutoka pakiti kubwa na tarehe imebaki kwenye kipande kingine, omba uonyeshwe.

Soma jina la dawa yenyewe, lile dogo chini ya jina la kibiashara. Hapa ndipo watu hudhurika bila kujua. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani, na vidonge vingi vya maumivu vyenye diklofenaki vimechanganywa na parasetamoli pia. Ukimeza panadol, dawa ya mafua na ya mgongo siku moja, umekula parasetamoli mara tatu bila kukusudia, na ini ndilo linalolipa.

Halafu ile bahasha ndogo. Ikiandikwa 2x3, maana yake ni vidonge 2, mara 3 kwa siku. Wapo wanaoisoma kama mara mbili kwa siku tatu, na wapo wanaomeza asubuhi, saa nne na mchana ili wamalize mapema. Mara 3 kwa siku ni kila baada ya saa 8: ukianza saa 12 asubuhi, inayofuata ni saa 8 mchana, ya mwisho saa 4 usiku. Kama bahasha haina idadi ya siku, mwambie mtoa dawa aandike.

Hatua ya 6: Dozi ya mtoto hufuata uzito

Parasetamoli ya mtoto ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 ndani ya saa 24. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 100 hadi 150 kwa mara moja. Sasa tazama chupa kwa makini. Kuna ya maji yenye miligramu 120 katika mililita 5, na nyingine yenye miligramu 250 katika mililita 5. Chupa zinafanana, rangi zinafanana, nguvu ya moja ni kama maradufu ya nyingine. Mtoto huyo wa kilo 10 atakunywa mililita 5 za ile ya kwanza, lakini mililita 2.5 tu za ile ya pili.

Tumia kikombe kilichokuja na chupa au bomba la sindano lisilo na sindano. Huuzwa kwa bei ndogo. Kijiko cha jikoni weka kando, kila nyumba kina ukubwa wake. Aspirini usimpe mtoto mwenye homa.

Mtu mzima hutumia kidonge 1 au 2 vya miligramu 500, akiacha angalau saa 4 hadi 6 kati ya dozi na dozi, isizidi vidonge 8 kwa siku nzima. Mnywaji wa pombe wa kila siku au mwenye ugonjwa wa ini asifike huko. Amwambie mtoa dawa hali yake.

Hatua ya 7: Jiwekee siku ya mwisho

Andika siku uliyoanza. Homa isiyoshuka ndani ya siku 2, kuhara kusikokwisha ndani ya siku 3, kiungulia kinachorudi baada ya wiki 2 za dawa: hapo safari za dukani zimekwisha, nenda ukapimwe.

Maradhi yanayoulizwa zaidi

*Kuhara.* Kinachoua kwenye kuhara ni kuishiwa maji, hivyo dawa ya kwanza ni ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji), na kwa mtoto ORS pamoja na zinki. Soma pakiti: nyingi ni za lita 1. Chemsha maji, yapoe, pima kwa chupa ya lita 1 au mbili za nusu lita, mimina pakiti nzima, koroga. Usigawe pakiti kwa kukisia kwenye glasi, usiongeze sukari, usichanganye na soda. Yakifika saa 24 mwaga utengeneze mengine. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo, mkubwa zaidi 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea kijiko kimoja kimoja. Zinki ni kidonge 1 cha miligramu 20 kila siku kwa siku 10, na kwa aliye chini ya miezi 6 ni nusu yake. Endelea hata choo kikishakaza. Dawa za kufunga choo hazimfai mtoto.

*Mafua na kikohozi.* Mafua yanasababishwa na virusi, na antibayotiki haiwagusi virusi. Maji ya vuguvugu, tangawizi, limau na asali vinatuliza koo vizuri, ila asali asipewe mtoto wa chini ya mwaka 1. Vidonge vya Piriton hukausha kamasi lakini vinaleta usingizi, kwa hiyo dereva wa bodaboda avimeze akishapaki. Kikohozi kilichofika wiki 2, au chenye kutoka jasho usiku na kukonda, ni cha kupimwa TB. Kipimo na dawa zake ni bure kwenye vituo vya serikali.

*Maumivu.* Ibuprofeni na diklofenaki humezwa baada ya kula, kwa siku chache. Mwenye vidonda vya tumbo, figo, pumu inayochochewa na dawa hizi, au mjamzito, aombe parasetamoli. Wazee wanaomeza diklofenaki kila siku kwa ajili ya magoti wananitia hofu kuliko karibu wateja wote. Dawa hizo hupandisha presha, huchosha figo na huchimba tumbo kimya kimya. Kama mzazi wako ana bahasha ya diklofenaki isiyoisha, mpeleke apimwe.

*Fangasi.* Krimu ya klotrimazoli mara 2 kwa siku, na uendelee kama wiki 2 baada ya ngozi kuwa safi. Mapunye ya kichwani hayaponi kwa krimu, yanahitaji dawa ya kumeza, nenda kituo. Krimu mchanganyiko zenye betamethasone au clobetasol huondoa muwasho siku ya kwanza, halafu fangasi hustawi chini yake na ngozi hulegea. Wanaozipaka usoni ili wang'ae wanajiharibu.

*Minyoo.* Albendazoli miligramu 400 mara moja inatosha kwa mtu mzima na mtoto wa miaka 2 na zaidi. Mwenye mimba changa asitumie.

*P2.* Hivi ni vidonge vya dharura vya kuzuia mimba baada ya tendo. Mapema ndivyo bora, ndani ya saa 72. Ukitapika ndani ya saa 2, rudia. Haitoi mimba iliyokwisha kutunga. Kama unatumia dawa za TB au baadhi ya ARV, nguvu yake hupungua, sema mapema. Na kama kulikuwa na hatari ya VVU, dawa za kinga hutolewa kituo cha afya, nazo pia zina saa 72 tu. Usiishie dukani.

*"U.T.I."* Maana yake ni maambukizi ya njia ya mkojo, lakini neno hili limekuwa jina la kila maumivu ya chini ya kitovu. Pima mkojo. Kutokwa uchafu, vidonda au maumivu baada ya tendo ni mambo mengine, na dawa zake ni nyingine.

Makosa yanayojirudia

Antibayotiki za kukisia ndizo zinazoniumiza zaidi. Vidonge vichache vya amoksilini vya shilingi mia tano haviui wadudu wote. Vinaua dhaifu na kubakiza sugu, na hao sugu huambukiza mwanao, jirani na mama mjamzito. Kama umeandikiwa, nunua dozi kamili na umalize. Kama pesa haitoshi, mwambie mtoa dawa wazi; mara nyingi ipo ya kampuni nyingine, dawa ile ile kwa bei nafuu.

Dawa ya jirani ni ya jirani. Hata mkilalamika maneno yale yale, yeye ana umri wake, uzito wake na magonjwa yake.

Sindano haichomwi duka la dawa. Ukiona pazia nyuma na mtu anachomwa, ondoka. Presha na kisukari pia havianzishwi dukani: kupimwa presha hapo ni vizuri, kujichagulia dawa yake ni hatari.

Mambo yakienda kombo

*Nimesahau dozi.* Meza unapokumbuka. Kama muda wa inayofuata umekaribia, ruka. Usimeze mbili kwa pamoja.

*Mtoto katapika dawa ya malaria.* Kama ni ndani ya dakika 30, rudia dozi nzima na uombe nyingine ya kufidia. Akitapika tena, mpeleke kituo.

*Nimepona malaria, homa imerudi, kipimo bado kinaonyesha ipo.* Kipimo cha haraka kinaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Omba kipimo cha darubini kabla hujameza dozi nyingine.

*Nimepewa jina tofauti na nililoandikiwa.* Linganisha lile jina dogo na idadi ya miligramu. Vikifanana, ni dawa ile ile. Visipofanana, usilipe mpaka ueleweshwe.

*Nimetokwa vipele.* Acha dawa, rudi na pakiti. Midomo au ulimi ukivimba, pumzi ikibana, au ngozi ikitoa malengelenge na vidonda mdomoni, kimbilia hospitali. Dawa za salfa kama Septrin zinajulikana kwa hilo. Mwombe mhudumu ajaze fomu ya njano ya TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) ya kuripoti madhara ya dawa, ili tatizo lijulikane.

*Vidonge vinapukutika, vimebadilika rangi, au maandishi ya pakiti yana makosa.* Usimeze, wala usitupe. Weka pamoja na risiti na utoe taarifa TMDA.

*Mtoto amekunywa dawa za watu wazima.* Usimtapishe, usimpe maziwa ukidhani yatasafisha. Kusanya pakiti, hesabu vilivyobaki, mnakwenda hospitali. Kama ni parasetamoli, nenda hata akiwa anacheza vizuri: siku ya kwanza anaweza asionyeshe lolote wakati ini linaharibika, na dawa ya kuzuia hufanya kazi vizuri zaidi ndani ya saa 8 za mwanzo.